Siku Niliyoahidi Kunyamaza Mbele ya Mwongozo Wangu

Ningepewa nafasi ya kuchagua kati ya kuisimulia aibu hii na kung'olewa jino bila ganzi, ningekuwa kwa daktari wa meno saa hizi, lakini kwa kuwa nusu ya Korogwe imeshaisikia kwa midomo ya watu wengine, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (kuna moja nimeisikia stendi ambayo eti nililia, sikulia, macho yalikuwa yananiwasha), basi bora muipate kwangu mimi mwenye nayo.

Mimi nafundisha kompyuta hapa Korogwe, kwenye vyumba viwili vilivyo juu ya duka la Bi Nilam, mama wa Kihindi anayeuza madaftari, kalamu na wino wa printa, ambaye babu yake alifungua duka hilo hilo na ambaye Kiswahili chake, niseme ukweli, kimenyooka kuliko changu. Yeye ndiye aliyetupa vyumba na yeye ndiye mwenyekiti wa kituo chetu. Kazi yetu ni kuchukua kompyuta za zamani, kuzifufua, kuziwekea programu huria na kuzigawa kwa vikundi vya Korogwe na Handeni. Programu huria, kwa asiyejua, ni zile ambazo unazichukua bure, unazitumia, unamgawia jirani yako, na ukiwa na ujuzi unazifungua ndani na kuzirekebisha bila kuvunja sheria ya mtu. Ni kitu kizuri sana. Tatizo ni miongozo yake, kwa sababu mingi imeandikwa na mafundi kwa ajili ya mafundi wenzao, tena kwa Kiingereza, na mtu wa kawaida akifika ukurasa wa pili anafunga kompyuta na kurudi kwenye daftari lake.

Sasa mimi nikaona nitalimaliza tatizo hilo peke yangu. Nikakaa miezi nikaandika mwongozo wa Kiswahili, kurasa arobaini, hatua kwa hatua, na nilivyokuwa najiona wakati ule mngedhani nimeandika katiba ya nchi. Sikuandika "kompyuta" hata mara moja, niliandika "tarakilishi" toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nililiona neno hilo kwenye kamusi nikaona linapendeza. Sikuandika "pasiwedi", niliandika "nywila". Na kila mahali palipokuwa na ugumu niliweka neno "tu": bonyeza tu, sakinisha tu, endelea tu. Nilidhani "tu" inampa mtu moyo.

Basi tukagawa kompyuta na mwongozo, na maswali yakaanza kuingia kwenye kundi letu la simu. Maswali, ndugu zangu. Mtu unamwandikia kurasa arobaini na bado anakuuliza. Nikawa najibu kwa maneno mawili, "Soma mwongozo", asubuhi, mchana, jioni, mpaka simu yangu ikawa nikiandika S tu inamalizia yenyewe. Na hapa ndipo inabidi niwaambie jambo ambalo ningependa kulificha: yale maswali yaliyonichekesha zaidi nilikuwa nayanakili kwenye faili moja, na chini ya kila swali naweka utani wangu, halafu wikiendi nawatumia wenzangu wawili watatu wa Dar es Salaam ambao nao wanaandika miongozo kama mimi, tunacheka. Faili hilo nililiita "Vichekesho". Sikuliweka mahali pa siri kwa sababu laptop ni yangu na hakuna mtu mwingine anayeigusa.

Ikaja habari kwamba kuna shirika (silitaji, halina kosa lolote) linataka kuchapisha mwongozo wetu vitabu kwa vitabu, uende kwenye kila kata ya wilaya zote mbili. Wakaandaa kikao mjini Handeni, kwenye ukumbi, na vikundi vyote vilivyopata kompyuta vikaalikwa, na afisa wa shirika, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaja kuona kama mwongozo unafaa. Nilipopewa nafasi ya kuutambulisha nilitakiwa niseme dakika tano, nikae. Nilisema dakika ishirini, halafu katika kumalizia, bila kulazimishwa na mtu, nikatoa kauli iliyoniponza:

"Mwongozo huu unajitosheleza. Mgeni rasmi, mchague mtu yeyote humu ukumbini, hata ambaye hajui chochote, aufuate mbele yetu. Mimi nitakaa pale kitini na sitasema neno, mwanzo hadi mwisho."

Watu wakapiga makofi. Yule afisa akatabasamu, akageukia ukumbi. "Kuna mtu aliyejaribu mwongozo huu akakwama?"

Nilitegemea kimya. Ikanyanyuka mikono kama ya darasa la kwanza linaloulizwa nani anataka pipi. Afisa akamchagua mama aliyekuwa mstari wa pili, Bi Mwanahawa wa Misima, mama wa makamo, katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, ambaye namfahamu vizuri kwa sababu ni mmoja wa wale walioniandikia sana. Akaja mbele taratibu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akavaa miwani yake, akafungua mwongozo ukurasa wa kwanza.

Kwanza kompyuta tuliyoiandaa ikakataa kuungana na projekta, waya haukuingia. Nikasema (ndiyo, hilo nalo nilisema mwenyewe) tutumie laptop yangu, haina neno. Tukaiunga, kioo changu kikatokea ukutani kikubwa kama mlango wa ghala, nikaenda kukaa karibu na Bi Nilam, nikakunja mikono.

Bi Mwanahawa akasoma kwa sauti, maana ndivyo alivyozoea kusoma. "Hatua ya kwanza. Hakikisha tarakilishi imewaka." Akaitazama laptop, akaitazama projekta, akaitazama na spika ya ukumbi. "Tarakilishi ni ipi kati ya hizi?"

Nikafungua mdomo. Bi Nilam akaniwekea kiganja begani. "Mwalimu Hatibu, umeahidi."

Nikaufunga. Mtu mmoja nyuma akasema labda ni ile inayotoa mwanga ukutani, Bi Mwanahawa akaona ni sawa, akaithibitisha projekta kuwa imewaka, akaendelea. Nikajifariji kwamba hilo dogo. Hatua ya tatu inasema ufungue dirisha jeusi la kuandikia amri, na kwa kweli maelezo ya pale niliyaweka vizuri, akalifungua, akaandika amri ya kusakinisha programu ya kuandikia, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja (pale juu nilikuwa nimeandika kwamba kila kitu kiandikwe kama kilivyo bila kubadilisha hata herufi, mkumbuke hilo), akabonyeza, kompyuta ikamuuliza nywila. Sasa nywila ya laptop yangu haimo kwenye mwongozo. Ikabidi niiandike kwenye kikaratasi nimpelekee, kwa kuwa kuandika si kusema, na afisa akaruhusu.

Wanaojua wanajua kwamba ukiandika pasiwedi kwenye lile dirisha jeusi, hakuna kinachoonekana. Hata nukta haionekani. Unaandika gizani, unabonyeza, basi. Mimi najua hilo tangu chuoni, na kwa kuwa najua sikuona sababu ya kuliandika. Bi Mwanahawa akaandika herufi ya kwanza, akatazama ukutani, hakuna kitu. Akairudia, hakuna kitu. Akainua kibodi akaikung'uta.

"Hii imekufa," akasema.

Akatokea kijana wa mstari wa mbele, akajaribu, naye akasema imekufa. Akaja bwana wa Segera, mwenye banda la kutoa fotokopi pale njia panda, mtu wa mashine, akaigeuza laptop yangu chini juu, akapuliza kwenye mapengo ya vitufe. Mimi nimekaa kitini najiuma ulimi, nimekunja ngumi mpaka kucha zinaingia kwenye kiganja, kitu cha sekunde mbili, neno moja tu ningesema, na kila nikisogea naona Bi Nilam ananitazama. Ikapita robo saa nzima. Mwishowe Bi Mwanahawa akasema kama kioo hakitaki kuonyesha basi yeye atazitaja herufi kwa sauti ili watu wamhakikishie hajakosea, akakiinua kile kikaratasi, akasoma silabi moja moja mbele ya ukumbi mzima wa Handeni: "Mi-mi-ndi-ye-mta-a-la-mu."

Halafu mtu akaunganisha. "Mimi ndiye mtaalamu," akasema, na ukumbi ukaangua kicheko ambacho naamini walikisikia mpaka sokoni. Afisa alivua miwani akaifuta. Nami nikacheka, ile ya kuonyesha kwamba nilikusudia, huku masikio yanawaka moto.

Pasiwedi ikakubali. Programu ya kuandikia ikafunguka, na mwongozo ukasema "bonyeza tu Endelea". Kwenye kioo hapakuwa na Endelea. Palikuwa na "Next", kwa sababu mwongozo niliuandika kwa Kiswahili lakini programu yenyewe ilikuwa bado inaongea Kiingereza, na mimi nilipokuwa naandika nilikuwa naona "Next" kwa macho na kichwani nasoma "Endelea", sikuwahi kugundua kwamba ni vitu viwili. Bi Mwanahawa akaitafuta Endelea kila kona. Akauliza watu wenye macho mazuri wamsaidie. Ukumbi mzima ukawa unaitafuta Endelea ukutani, wengine wamesimama. Alipoipata njia kwa kubahatisha, hatua iliyofuata ikasema "andika jina lako", naye akaandika, herufi kwa herufi bila kubadilisha kitu, "jina lako". Programu ikamkaribisha kwa heshima zote: "Welcome, jina lako."

Hapo kicheko kilikuwa kimepungua, na hilo ndilo lililonitia hofu. Watu walikuwa wameanza kutazamana. Niliwasikia wawili nyuma yangu wakisema kwa Kizigua (mama yangu ni Mzigua, walisahau) kwamba kumbe hata sisi hatukuwa wajinga. Nikajifanya sijasikia.

"Hatua ya tisa," Bi Mwanahawa akasoma. "Fungua faili lolote lililomo kwenye tarakilishi yako, ili kuona kama programu inafanya kazi."

Mafaili yangu yote yakajipanga ukutani. Nilipouona mshale unashuka taratibu, unapita masomo ya kidato cha kwanza, unapita picha za harusi ya dada yangu, nikasahau ahadi, nikasimama.

"Samahani, hilo hapana, chagueni jingine..."

"Kaa, mwalimu," afisa akasema, kwa upole ule ule. "Mwongozo umesema lolote."

Bi Mwanahawa alilichagua kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, ndilo pekee lenye jina la kufurahisha. Vichekesho. Likafunguka, maandishi makubwa, maana mimi mwenyewe huyakuza nisiumie macho. Naye, kwa mazoea yake, akaanza kusoma kwa sauti.

"Jamaa wa Segera anauliza: nimeambiwa nipakue programu, je, naipakua kutoka gari gani? Jibu: mwambieni apakue wali."

Yule bwana wa fotokopi, ambaye robo saa iliyopita alikuwa anapuliza vumbi kwenye laptop yangu ili kunisaidia, alishusha macho akaanza kukunja mikono ya shati lake.

"Mwenye duka mmoja anauliza: programu ikiwa ya bure, aliyeitengeneza anakula nini? Jibu: mwenye duka ni mwenye duka." Nilipokaa, Bi Nilam alikuwa amenirudishia kiganja begani. Akakiondoa.

"Mama wa Misima anauliza..." Hapo Bi Mwanahawa akapunguza sauti, lakini hakuacha. "Nikizima mashine, barua yangu inalala wapi? Jibu: inalala kitandani."

Nimeshawahi kuanguka na baiskeli kwenye lami mbele ya wanafunzi wangu. Nimeshawahi kuitwa jina la mtu mwingine siku ya mahafali yangu. Havifikii nusu ya kile kimya. Bi Mwanahawa alivua miwani, akaishika mkononi, akanigeukia.

"Swali hili ni langu," akasema. "Nilikuuliza mwezi wa nne."

Nikatazama viatu vyangu.

"Nilikuwa naandika katiba ya kikundi chetu. Siku tatu nimeandika, nikazima, kesho yake nikawasha, haipo. Nikaandika tena, nikazima, haipo. Nikaandika mara ya tatu. Mwongozo umesema kuzima ni kubonyeza tu kitufe. Haukusema popote kwamba kwanza kuna kuhifadhi." Hakupandisha sauti hata kidogo, afadhali angefoka. "Nijibu sasa, mwalimu, watu wote wapo wasikie. Inalala wapi?"

"Sasa unaruhusiwa kuongea," Bi Nilam akasema.

Na hamtaamini, sikuweza. Mimi niliyesema dakika ishirini bila kuulizwa. Nikaanza na "data inahifadhiwa kwenye diski", akaniuliza diski ni nini, nikasema ni kifaa cha kutunzia data, akaniuliza na data ni nini, nikasema ni vile vitu vilivyomo kwenye diski. Nikawa nazunguka pale kama ng'ombe wa kupuria mpunga. Aliyeniokoa ni bwana wa Segera, tena bila kuinua macho, akasema: "Mama, unavyoandika ni kama unaandika ubaoni, ukiondoka unafutwa. Ukitaka ibaki unaiambia iandike kwenye daftari lake. Hiyo ndiyo kuhifadhi." Bi Mwanahawa akatikisa kichwa kwa kuelewa, akamshukuru, akarudi kukaa. Mtu aliyeambiwa apakue wali alieleza kwa sentensi tatu kitu ambacho kurasa zangu arobaini hazikukigusa.

Afisa aliufunga kikao kwa maneno machache. Mwongozo hautachapishwa. Hakusema nimeshindwa, alisema mwongozo urudi kwanza kwa wanaousoma, kisha ataangalia. Chakula kikaletwa, pilau, na mimi nikapata meza nzima peke yangu.

Kurudi Korogwe nilikuwa kwenye gari la Bi Nilam, na njia nzima ile alishika usukani anatazama mbele. Tulipokaribia mjini ndipo akaniambia, "Lile swali langu bado hujanijibu. Anakula nini?" Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba wengine wanalipwa na makampuni yanayozitumia programu hizo, wengine wanafundisha, wengine wanajitolea tu kwa kupenda. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ulikuwa unajua kueleza kumbe," akasema, akanishusha Kwamndolwa, mlangoni kwangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Misima kuomba radhi. Nilimkuta Bi Mwanahawa uani anachuja asali, akaniambia nikae, akaendelea na kazi yake, nami nikatoa hotuba niliyokuwa nimeikariri tangu nyumbani, kwamba ilikuwa utani wa kijinga, kwamba faili nimelifuta, kwamba sikukusudia kumdhalilisha mtu mzima mbele za watu. Aliniacha nimalize. Alifunika ndoo yake, akafuta mikono.

"Kunicheka si kitu," akasema. "Hata mimi najua swali lile linachekesha. Kilichoniuma ni kwamba uliponiambia nisome mwongozo, nikausoma, nisielewe, nikaamini kwamba akili yangu imefika mwisho. Nikaacha kuuliza. Sijakuuliza kitu tangu mwezi wa nne, mwalimu, hukuona?"

Sikuona. Huo ndio ukweli, na ndio unaonitia haya kuliko pasiwedi na kuliko kicheko cha ukumbi mzima. Nilichoona ni kwamba maswali kundini yamepungua, nikafurahi, nikadhani mwongozo umeanza kufanya kazi.

Siku hizi naandika upya. Nakwenda Misima kila Jumamosi, yeye anasoma kwa sauti, mimi nakaa pembeni nimefunga mdomo, na kila anapokwama naandika mimi nilipokosea, si yeye. Tumefika ukurasa wa kumi na nane, na Jumamosi iliyopita alikwama mara tisa kwenye ukurasa mmoja ambao niliapa hauna kasoro, nikarudi nyumbani nimenuna kama mtoto. Lakini neno "tu" sitaliandika tena kwenye mwongozo wowote maisha yangu yote, na kundi letu la simu likikaa kimya siku mbili bila swali, silali vizuri, nawapigia mmoja mmoja kuwauliza nani amekwama.